Usilegeze

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili nililinunua la kuandikia maandalio ya masomo. Leo mkuu wa idara, Bwana Mutembei, amesema maandalio siku hizi ni ya kompyuta. Nimebaki na kurasa mia mbili tupu, na mimi si mtu wa kutupa karatasi.

Nimeuguza miaka kumi na sita, mingi yake katika chumba cha majeruhi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeitwa mwalimu. Wanafunzi ni kumi na wanane. Wanasomea kutunza wanamichezo: kufunga vifundo vilivyoteguka, kunyoosha misuli, kukimbilia mchezaji akianguka. Mimi nimepewa wiki kumi niwafundishe kuzuia damu nyingi.

Mutembei alinisindikiza hadi mlangoni. "Hawa hawajui kitu, Madam Kathambi. Anzia sufuri." Tulipofika akaninong'oneza, "Na ujichunge, wengine wanajua kukushinda." Nimekaa hapa na chai yangu na bado sijui nishike lipi.

Alhamisi, Machi 6

Somo la kwanza la damu. Kitabu cha mwongozo kina picha za watu nadhifu waliokatwa kwa ustaarabu, kila mmoja amelala kwenye nyasi fupi karibu na barabara ya lami. Mambo ni matatu. Bana jeraha kwa mikono na uzito wako wote. Lijaze kitambaa mpaka likatae. Na ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka, funga mkanda juu ya jeraha, zungusha kijiti chake mpaka damu ikome, andika saa, usilegeze, ngoja gari la wagonjwa.

Mkono ukainuka nyuma. Etabo, kijana mrefu wa Kiturkana kutoka Gotu. Alichezea timu ya kata yao mpaka goti likamwangusha.

"Madam, na kama gari halikuji?"

"Litakuja. Ndiyo maana unapiga simu."

"Na kama simu haishiki?"

"Unamtuma mtu mahali inashika."

"Sawa. Na huyo mtu akirudi ni saa ngapi?"

Darasa likacheka. Nilidhani ananichezea. Nikaandika kando ya jina lake: msumbufu.

Jumanne, Machi 11

Nilinunua mguu wa mbuzi, nikaupitishia mpira wa maji ndani na kupampu maji yenye rangi nyekundu ya keki. Tuliloa wote. Lorna ndiye aliyesimamisha "damu" kwa sekunde arobaini, uso wake mkavu kama wa hakimu. Huyo msichana atafika mbali. Yeye pia ni Mturkana kama Etabo, ila wa hapa mjini Isiolo, na sauti yake haipandi hata kidogo.

Ijumaa, Machi 14

Joto. Hakuna wingu.

Jumatano, Machi 19

Leo Etabo amenivuruga, na safari hii hakukuwa na mchezo.

Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba mkanda ukikazwa damu inakoma. Akasema, "Madam, kwetu ni kinyume." Nikamwambia aeleze. Akasimama, akaweka mikono shingoni pake. "Tukitaka damu ya ng'ombe, tunafunga kamba hapa. Mshipa unafura. Mzee anapiga mshale mdogo, damu inaruka kwa kibuyu. Ikitosha, tunalegeza kamba. Inaacha yenyewe. Ng'ombe anaenda kula nyasi. Kwa hivyo mimi tangu mtoto najua, ukikaza inatoka, ukilegeza inaacha."

Lorna akageuka. "Hiyo ni ng'ombe, Etabo."

"Damu ni damu."

"Kaa chini," nikasema. "Hapa tunafundisha watu."

Nilipofika nyumbani nilifikiri juu ya neno hilo mpaka ugali ukaungua. Alichosema ni kweli kabisa. Kamba ya ng'ombe inaziba mshipa unaorudisha damu moyoni, kwa hiyo damu inajaa nyuma yake na kutoka. Mkanda wetu unaziba hata ule unaoileta. Mkanda ukifungwa kwa ulegevu mguuni, unafanya kazi ya ile kamba ya ng'ombe: damu inazidi. Hilo ni jambo kubwa, na lingekuwa somo zuri kuliko yote niliyotoa. Badala yake nilimwambia akae chini.

Alhamisi, Machi 20

Nilieleza habari ya ng'ombe mbele ya darasa na kusema Etabo alikuwa sahihi. Hakutabasamu. Akauliza, "Na mkanda ukikaa sana, mguu unakuwaje?"

Jumatatu, Machi 24

Nimetafuta. Mwongozo unasema mgonjwa awe amefika kwa daktari ndani ya saa mbili. Baada ya hapo hakuna ukurasa. Nimekipindua kitabu nikidhani kurasa zimechomoka.

Nilimuuliza Mutembei. "Fundisha kilichoandikwa, madam. Kisichoandikwa hakitahiniwi."

Jumatatu, Machi 31

Idd. Jirani wameniletea pilau na nyama ya ngamia. Jioni yakaanguka matone makubwa kama shilingi, dakika tano tu, vumbi likanukia mtaa mzima.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua. Choo cha nje kimejaa maji.

Jumatano, Aprili 9

Mashindano ya kandanda ya kata yanaanza Jumamosi, na kila uwanja utapata wanafunzi wetu wawili na mkoba wa huduma ya kwanza. Niligawa mimi. Leparua, Judy na mwenzake. Sericho, Lorna na Etabo.

Niandike ukweli, maana daftari halisahihishwi na mtu. Niliwaweka hao wawili pamoja kwa sababu hawapatani. Nilitaka Lorna amnyooshe. Na Sericho nilimpa Etabo kwa sababu ni mbali, na nilikuwa nimechoka na maswali yake.

Jumapili, Aprili 13

Sikwenda kanisani. Ni Jumapili ya Matawi, watoto wanapita nje na makuti yao na nyimbo. Nitaandika mambo kama yalivyofuatana, labda nitayaelewa.

Jana saa tano asubuhi nilikuwa nikifua. Simu ikalia. Lorna. Nyuma yake kulikuwa na upepo na mtu anayelia.

"Madam, kuna mchezaji ameumia. Anaitwa Abdub, winga wa Sericho. Aliteleza akaenda na miguu kwa mabati ya uzio wa tangi. Amekatwa nyuma ya goti. Damu ilikuwa inaruka mpaka kwa shati ya Etabo. Tulibana, haikukoma. Etabo amefunga mkanda. Damu imeacha. Nimeandika kwa paji la uso: saa tatu na dakika ishirini."

"Vizuri. Vizuri sana, Lorna. Mko wapi?"

"Njiani. Tulikosa gari kwanza, halafu mfanyabiashara mmoja akatupea Landkruza yake. Huku mvua imenyesha sana. Tumesimama mahali pa juu kwa sababu netiwaki iko hapa tu."

Kisha nikasikia simu ikinyang'anywa.

"Madam, ni Etabo. Saa mbili zinakaribia kuisha. Kidonda nimekijaza kitambaa ndani, nimekifunga bandeji ngumu juu. Jamaa ako macho, anaongea. Nataka nilegeze mkanda pole pole nione. Siuondoi. Damu ikianza, nakaza mara moja."

"Usilegeze."

"Madam, mpaka Isiolo ni—"

"Usilegeze, Etabo. Umenisikia?"

Yule mtu nyuma alikuwa anasema kitu kwa Kiborana, neno moja tena na tena.

"Etabo, sema umenisikia."

"Nimesikia."

Simu ikakatika. Nilipiga, haikushika. Nikarudi kwenye beseni nikasuuza shuka mbili na foronya. Niliona nimefanya kazi yangu. Miaka sita iliyopita nilimwona mtu akilegezwa mkanda na ndugu zake kwenye lango la hospitali, kwa kuwa alikuwa akilia na hawakuweza kuvumilia. Alikufa kabla hatujamshusha garini. Huyo ndiye niliyekuwa naye kichwani jana nikishika simu. Wa Sericho sikuwa nimemwona.

Saa nane nilikwenda hospitali kungoja. Nilidhani nimechelewa. Saa tisa. Saa kumi. Mtu mmoja aliyekuwa na jamaa zake Garba Tula akaniambia laga, mto wa msimu wa mvua, imejaa huko na magari yamepanga foleni ukingoni yakingoja maji yapungue.

Waliingia saa kumi na moja. Lorna alikuwa ameketi nyuma na kichwa cha kijana mapajani mwake, chupa ya maji ya mshipa aliyotundikiwa kwenye hospitali ndogo ya njiani isiyo na daktari wa upasuaji ikiwa mkononi mwake, imeinuliwa juu. Etabo alikuwa miguuni. Tangu saa tatu na dakika ishirini mpaka saa kumi na moja ni saa saba na dakika arobaini. Nilishika kidole cha mguu wa yule kijana. Kilikuwa baridi, na rangi yake siiandiki.

Etabo alinitazama. Ningependa angesema kitu.

Jumatatu, Aprili 14

Mguu umekatwa juu ya goti. Mjomba wake wa hapa mjini ndiye aliyetia sahihi. Abdub yu hai. Ana miaka ishirini.

Jumatano, Aprili 16

Mutembei alikuja darasani na mpiga picha. "Chuo chetu kimeokoa maisha!" Lorna akapewa cheti chenye fremu. Alikishika kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya moto.

Etabo hayupo.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua usiku kucha. Barabara ya Sericho imefungwa kabisa sasa, wanasema hata malori hayapiti.

Jumanne, Aprili 22

Etabo bado. Mutembei anasema kuna mtu amemwona sokoni saa nne asubuhi akiwa ameshika chupa. "Hao wakipata mshtuko wanakunywa, madam, unawajua." Ninaona aibu kuandika kwamba nilimwamini.

Lorna alibaki baada ya somo. "Madam, tulifanya sawa?"

"Mlifanya sawa. Yu hai."

"Na Etabo anasemaje?"

"Sijamwona."

"Kwa gari hakuniongelesha njia yote. Mara moja tu, tukiwa kwa laga. Aliniuliza, 'Lorna, saa ngapi?' Nikamwambia saa saba na robo. Akaanza kulia." Alikunja mkoba wake, akaukunjua. "Mimi ndiye nilimwambia apige simu. Yeye alikuwa anataka kulegeza tu bila kuuliza mtu."

Ijumaa, Aprili 25

Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji, Dkt. Ntongai. Ni mtu wa kwetu, kwa hiyo tulianza kwa Kimeru, lakini mambo yalipokuwa magumu tukahamia Kiswahili, nadhani ili yawe mbali kidogo.

Nikamweleza kila kitu, hata zile shuka.

"Mshipa mkubwa ulikatika wote," akasema. "Hata angelegeza, damu ingepita wapi?"

"Kwa hiyo isingesaidia."

"Kuna mishipa midogo ya pembeni. Hupeleka kidogo. Kuna miguu ambayo kidogo hicho kimeitosha mpaka nikaifikia."

"Kwa hiyo nilikosea."

"Sijasema hivyo."

"Nilikuwa sawa basi."

"Sijasema hivyo pia, Kathambi." Akavua miwani. "Kuna utaratibu kwa watu waliofunzwa, wakiwa mbali. Saa mbili zisiwe zimepita. Kidonda kimejazwa na kufungwa vizuri, mgonjwa hajalegea, ana akili zake. Unalegeza polepole, mkanda unabaki pale pale, jicho kwenye bandeji. Damu ikirudi unakaza, na huugusi tena mpaka kwa daktari. Kwa mtu asiyefunzwa, tunasema asijaribu. Anaweza kumuua mtu kwa dakika tatu."

"Ndivyo Etabo alivyotaka. Neno kwa neno."

"Alifunzwa na nani?"

Kwa kweli hakufunzwa na mtu, labda na ng'ombe, na siku ile nilikuwa nimemwambia akae chini.

Nikitoka nikapita wodi ya wanaume. Sijui kilichonipeleka, tangu siku ya kwanza nilikuwa sijathubutu. Kitanda cha mwisho dirishani, Abdub amelala amegeuzia ukuta uso. Kando yake Etabo, amekunja mikono ya shati, akikamua kitambaa kwenye karai. Juu ya kabati, chupa ya maziwa.

Muuguzi wa zamu akaniambia, "Huyo ndugu yake huja kila asubuhi. Mama mzazi amekwama Sericho kwa mvua. Yeye ndiye anamwosha, anamlisha, anampeleka choo."

Ndugu yake! Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye korido, nikiomba asinione.

Jumatatu, Aprili 28

Nilimngoja Etabo kwenye lango la hospitali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niambie nini, Madam? Hukuniuliza."

"Umemwambia nini Abdub?"

"Aliniuliza nani alifunga. Nikasema mimi. Akauliza nani alikataa kufungua. Nikasema mimi."

"Si kweli hiyo."

"Mkono ulikuwa wa nani?" Akaiweka mikono yake mbele yangu, akaitazama yeye mwenyewe. "Ningelegeza. Wewe ulikuwa mbali, ungenifanya nini? Ni mimi sikulegeza."

Nikamwambia asikose mtihani. Akasema atafikiria.

Ijumaa, Mei 2

Barabara imefunguka. Mama yake Abdub, Bisharo, amefika juu ya lori la mbuzi. Mwanamke mfupi, uso wa vumbi, shali nyeusi. Mjomba alimwambia mimi ndiye mwalimu wa waliomfunga kijana. Akanishika mikono yote miwili. "Nagaa, mwalimu, nagaa. Amani kwako. Mungu akulipe. Mtoto wangu anapumua."

Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole, "Mguu wake mliweka wapi?"

Mjomba alikuwa ameuzika, kama inavyotakiwa katika dini yao. Bisharo akataka kupaona, na mjomba alikuwa na haraka ya kurudi dukani, kwa hiyo nikampeleka mimi. Mjomba alinieleza mahali: makaburini, upande wa ukuta, rundo dogo lenye mawe matatu. Udongo ulikuwa bado umelowa. Nilisimama nje ya lango kwa heshima. Bisharo alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema maneno mengi kwa Kiborana. Nilidhani anaomba. Aliporudi macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Niliuambia pole," akasema. "Mimi ndiye niliufundisha kutembea."

Njia nzima ya kurudi hakunishika mkono. Tulipofika hospitali akanipa nusu ya mkate aliokuja nao. Nimekaa nao mezani. Sijui kama ni shukrani, au ni vile tu mtu hawezi kula mbele ya mtu.

Jumapili, Mei 4

Mvua imepungua. Mbu.

Alhamisi, Mei 8

Mtihani. Etabo alikuja, akaketi nyuma, akaandika, akaondoka.

Niliongeza swali moja ambalo Mutembei hakuliona: "Umemfunga mgonjwa mkanda. Hospitali iko umbali wa saa sita. Utafanya nini?" Nilifanya vibaya, najua. Sikuwa nimewafundisha. Nilitaka mtu aniambie.

Wengi wameandika "nitangoja gari la wagonjwa". Judy ameandika kwamba ataomba Mungu, akaeleza vizuri sala yenyewe. Etabo ameacha nafasi tupu, ila ameandika saa pembeni: dakika aliyofika kwenye swali na dakika aliyoliacha. Alikaa nalo dakika kumi na saba.

Lorna ameandika, kwa mwandiko wake mzuri: "Nitampigia Mwalimu Kathambi simu na kufanya atakachosema."

Nimempa alama tano kwa tano. Nikafuta. Nikampa sufuri. Nikafuta, karatasi ikatoboka.

Jumanne, Mei 13

Nimekwenda kwa Abdub. Nilimwomba Etabo atoke nje, akatoka. Bisharo alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda.

Abdub ni kijana mwenye nyusi nzito na mikono mirefu. Alikuwa ameketi, magongo mapya yameegemezwa dirishani.

Nikamwambia, "Mimi naitwa Kathambi. Aliyekataza mkanda usilegezwe ni mimi. Si Etabo. Alitaka kulegeza, nikamkataza kwa simu."

"Najua."

"Amekuambia?"

"Nilisikia. Simu ilikuwa kwa spika." Alizungumza taratibu, akitafuta Kiswahili. "Mimi nilikuwa nalia alegeze. Ile kitu inauma, mwalimu. Kidonda hakikuwa kinauma kama ile kamba. Nilimwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la mama yake. Aliweka mkono kwa kile kijiti. Halafu wewe ukasema. Akatoa mkono. Saa sita nilikuwa nakuchukia na sijui jina lako."

"Na Etabo akikuambia ni yeye?"

"Namwacha aseme. Anahitaji kusema. Akimaliza ananinyoa ndevu."

Nikasema samahani. Nilikuwa nimelibeba neno hilo mwezi mzima, na nilipolitoa lilikuwa dogo sana.

"Samahani ya nini?" Hakuuliza kwa ukali, alikuwa anataka kujua kweli. "Kama angelegeza, ningekuwa na mguu?"

"Sijui."

"Ningekufa?"

"Sijui, Abdub. Daktari pia hajui."

"Basi usiniombe samahani kitu hukijui. Unaniwekea kazi mimi. Nikikusamehe, ni kama mguu ulikatwa bure. Nikikataa, ni kama ningependelea kufa." Akageukia dirisha. "Ukijua, uniambie."

Bisharo alikuwa macho wakati wote. Aliketi, akanimiminia chai, akatia sukari nyingi.

Ijumaa, Mei 16

Dkt. Ntongai amekubali kuja kufundisha somo moja, la kulegeza. Mutembei hataki. Anasema mwanafunzi akiua mtu kwa kulegeza, jina la chuo litaandikwa vibaya. Nilimwambia jina la chuo limeandikwa tayari kwenye paji la uso la mtu, kwa kalamu, pamoja na saa. Hakunielewa, na sina hakika mimi nilijielewa. Tutafundishia kanisani, siku ya Jumatano.

Jumatano, Mei 21

Walikuja kumi na mmoja. Dkt. Ntongai alilegeza mkanda mara nne kwenye mguu wa mbuzi, na mara mbili damu ilirudi. Kila iliporudi alisema, "Hapa nakaza, na simlaumu mtu." Lorna alitaka kujua atajuaje mapema kama itarudi. "Hujui," akamwambia. Lorna akaweka kalamu chini na hakuandika tena mpaka mwisho.

Etabo aliletwa mbele aonyeshe. Alishika kijiti, akakiachia, ikabidi akae.

Jumamosi, Mei 24, Sericho

Abdub ametoka hospitali jana. Leo Landkruza ile ile imekuja kumchukua yeye na mama yake, na Etabo akasema anamsindikiza. Nikaomba nafasi. Nilisema nakwenda kuwaonyesha wahudumu wa zahanati alichotufundisha Dkt. Ntongai, na hilo nitafanya kesho. Lakini kitu kingine kilikuwa kinanisumbua tangu Jumatano: nina miaka mitatu Isiolo na sijawahi kupita barabara hii hata mara moja.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilivaa saa ya mkono, na niliona Etabo ananiona nikiitazama. Mpaka Kulamawe nilikuwa nikihesabu vijiji. Baadaye hapakuwa na cha kuhesabu, ila miti ya miiba iliyojaa majani ya mvua, na ngamia waliotupisha kwa kiburi. Zile laga zilikuwa mchanga mkavu, tumezipita bila kushuka. Hatukukwama. Tulisimama mara moja kwa chai, dakika kumi, na Bisharo akalalamika kwamba ni nyingi. Gari lilipoingia mashimoni Abdub alishika kipande cha paja lake kwa mikono miwili na kuuma shali ya mama yake.

Baada ya muda mrefu Etabo alimgusa dereva begani. "Hapa ndiyo tulipiga simu."

Ni mwinuko mdogo, wala mtu asingeuita kilima. Mawe meusi, mti mmoja. Nikashuka. Nikatoa simu: mtandao ulikuwa mstari mmoja, ukapotea, ukarudi. Nikatazama saa. Saa tano kasorobo.

Nilisimama pale nikapiga hesabu. Kutoka mjini hadi pale, kukavu, bila maji kwenye laga, dereva hodari, tumetumia saa nne na dakika arobaini na tano. Jumlisha saa moja na dakika arobaini ambazo Abdub alikuwa ameshafungwa. Siku ile nikiwa na beseni langu nilikuwa nimejiambia kwamba watafika upesi, hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyosema kesho kutakucha. Hakuna dereva ambaye angewafikisha upesi. Etabo alilijua hilo akiwa na simu mkononi. Alianza kuniambia, "Madam, mpaka Isiolo ni," na mimi nikamkata.

Hilo sasa nalijua. Kama angelegeza na damu ikarudi, na bandeji ikashindwa, na wakachelewa kukaza, hapa hapa kwenye mawe haya: hilo silijui, na upepo wa pale haukuniambia.

Nikageuka. Etabo alikuwa ameshuka pia, amesimama upande wa pili wa gari, ananipa mgongo.

"Etabo," nikasema. "Ungemaliza ile sentensi, ungesema saa ngapi?"

"Sita, Madam. Au saba. Ilikuwa inanyesha."

"Ningekusikiliza?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. "Ulikuwa unaniogopa kidogo."

Nikafungua kinywa nimwambie Abdub kile kipande ninachokijua sasa. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, jua limempiga usoni, akitazama mbele barabarani ambako hakukuwa na kitu kinachoonekana.

"Mwalimu, panda gari," akasema. "Nyumbani bado saa nzima, na mguu unauma. Ule ambao haupo."

Nikapanda. Bisharo akasogea akanipa nafasi.